"Nyumba imechoka kuliko mwenyewe"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, kazi yangu ni uhasibu. Tunaishi Ipagala, hapa hapa Dodoma, kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe kidogo kidogo. Kiwanja tulikipata enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, tukahamia mwaka 2014 dari ikiwa bado haijaisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa ile nyumba kwa brashi. Mume wangu kazi yake iko Singida, anarudi mwisho wa wiki. Nikimwambia habari za nyumba ananijibu, "Hayo mambo yako mama, wewe chagua tu."

Sasa shida yangu ni huko kuchagua. Sipendi kupamba, Shangazi, na sijawahi kupenda. Wenzangu ofisini wakianza kuonyeshana picha za mapazia kwenye simu, mimi najikuta nawaza hesabu za mwisho wa mwezi, na naona raha zaidi. Nikiingia duka la mapazia nikakuta yale marobota yamesimamishwa, kijivu cha aina kumi na mbili, kichwa kinaniuma kweli kweli. Natoka mikono mitupu.

Mwezi wa pili wifi yangu alikuja kutoka Dar kwa treni. Kuingia sebuleni akasimama, akazungusha macho, akasema huku anacheka: "Mama Neema, nyumba imechoka kuliko mwenyewe!" Tukacheka wote. Usiku usingizi haukuja.

Kesho yake nikaanza kuona. Ukuta wa sebuleni, kuanzia chini hadi usawa wa goti, rangi imebambuka na unatoka unga mweupe kama chumvi. Kapeti lilikuwa maruni, sasa rangi yake sijui niiiteje. Makochi yamebonyea, nimeyafunika vitambaa, na vitambaa navyo vimechoka. Shoukesi imejaa glasi za harusi yetu, redio mbovu, vikombe vya michezo ya watoto na kalenda za tangu 2016. Mabomba yana ukoko mweupe. Jioni taa ikiwashwa sote tunaonekana kama tuko wodini.

Mwaka juzi nilijaribu. Rafiki alinishawishi nikanunua wolpepa za kubandika, zile za mfano wa matofali, nikaweka ukuta wa televisheni. Kufika Oktoba zikaanza kujikunja pembeni, na usiku mmoja tuko mezani tukasikia kishindo: pande zima limeshuka nyuma ya televisheni. Mwanangu mdogo mpaka leo ukuta ule anauita Yeriko.

Mwezi wa nane jumuiya yetu inasali kwangu, watu kama 25. Nimeweka pembeni laki saba. Fundi mmoja kaniambia nipige rangi ya mafuta, ndiyo dawa ya ule unga. Rafiki yangu anasema dari ya jipsam yenye taa za rangi. Mimi nikiyafikiria hayo natoka, naenda kukaa kibarazani nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini, namenya karanga mpaka giza linaingia. Nifanyeje, mtu nisiyependa haya mambo?

Mama N., Ipagala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nyekundu. Nikapigia mstari kila ulichokilalamikia: ukuta, kapeti, makochi, shoukesi, mabomba, taa. Halafu nikatafuta katika hayo lipi ni la mapambo. Sikuliona. Ukuta unaotoa unga unaumwa. Makochi yamekufa sponji. Mabomba yanaonyesha maji tunayokunywa. Shoukesi ni stoo iliyowekewa vioo. Wewe umebeba miaka yote hii aibu ya kutojua kupamba, kumbe kazi iliyokuwa inakusubiri ni matengenezo.

Mimi nilikulia Kongwa, kwenye tembe. Paa la tembe ni udongo uliolazwa juu ya miti, na usipolirudishia udongo kabla ya mvua, litakunyeshea kitandani. Kila mwaka watu walipanda juu wakarudishia, wakasiriba kuta, wakashuka wakanawa mikono. Sikumbuki bibi yangu hata siku moja akisema anapamba nyumba, wala sikumbuki mtu akimuuliza kama anapenda kazi ile. Kwa hiyo usiniombe nikufundishe kupenda mapazia. Mapazia yangu mwenyewe ni vitenge vilivyobaki kwenye harusi ya mpwa wangu, na nimeshaacha kuomba radhi.

Tuanze na ukuta, kwa sababu hapo ndipo fundi wako anataka kukupoteza.

Ule unga ni chumvi kweli. Udongo wa huku una chumvi, maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na mchanga uliojengea huenda ulikuja nayo. Unyevu ukiwa kwenye msingi haukai huko. Tofali la sementi linaunyonya juu kama andazi lililochovywa kwenye chai. Maji yanapopanda yanaiyeyusha chumvi na kuibeba. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, na kwa hewa kavu ya Dodoma yanakauka upesi, ila chumvi haina pa kwenda. Inabaki pale pale chini ya rangi, inagandamana kuwa chembe ngumu, na zile chembe zinavyokua zinaisukuma rangi mpaka inabambuka. Ndiyo maana imeishia kwenye goti: hapo ndipo unyevu wako unapofika.

Sasa rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Ukiipaka utapendeza miezi mitatu, minne, halafu itavimba malengelenge. Na unyevu uliozibiwa njia chini utapanda kutafuta pa kutokea. Leo ni goti, mwakani utaniandikia kuhusu kiuno.

Kabla hujanunua kitu chochote, toka nje uzunguke hadi upande wa pili wa ukuta huo huo. Simama, uangalie kama mtu aliyetumwa kukagua. Kuna bustani unayomwagilia imegusana na ukuta? Udongo umejaa ukapanda hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani? Paa lina mfereji, au maji ya mvua yanashuka moja kwa moja kwenye msingi na kuchimba kishimo? Kuna bomba la nje linalodondosha? Upande wa bafu je? Mara nyingi utakuta moja ya hayo, na mara nyingi tiba yake ni jembe: udongo ushushwe chini ya plasta, utengenezewe mteremko unaokwenda mbali na nyumba, maua yahamishwe hatua mbili tatu. Na hapa ndipo Baba Neema anapoingia. Usimuulize tena habari ya kuchagua, maana kuchagua hakuwezi kama wewe usivyokuweza. Jumamosi asubuhi mpe jembe na umwonyeshe mahali. Mpira unaanza jioni.

Ndani, kwangua rangi yote iliyolegea na plasta inayomomonyoka. Chukua brashi kavu, ya waya au hata ya kufulia, usugue ule unga, ufagie, uukusanye kwenye gazeti ukautupe nje. Narudia: brashi kavu. Ukiosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta, umejifanyia kazi ya bure. Halafu uache. Uache wiki mbili, tatu, ukuta ukae uchi hivyo hivyo, wageni waone, wasione, shauri yao. Unga ukitokea tena, sugua tena. Mvua zetu zimeshaisha Aprili na upepo wa Juni na Julai ni mkavu, hivyo una miezi mizuri kabisa ya kuukausha kabla ya jumuiya. Palipomomonyoka pigwe plasta upya, nayo ikauke sawasawa, ndipo upake rangi ya maji, ambayo inauacha ukuta upumue. Sikuahidi kwamba unga hautaonekana tena maisha yako yote; kama fundi wa msingi hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu, utaonekana onekana. Lakini utakuwa kidogo, na utakuwa na rangi iliyobaki ya kurekebishia.

Rangi gani? Krimu. Nyumba nzima, kila chumba, ndoo ile ile. Hapo nimekuondolea maswali yote. Vumbi letu ni jekundu la kahawia, na ukuta mweupe pe unaliandika kama daftari, krimu inalimeza. Na kwa sababu nyumba nzima ni rangi moja, mtoto akichora sebuleni utachota kwenye ndoo iliyoko stoo bila kukumbuka jina wala namba.

Hesabu najua unaitaka. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye ukuta wa mita 3, ukitoa milango na madirisha, ina kama mita za mraba 46 za kupaka. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Mikono miwili, basi, ni lita 9 na ushee. Ndoo ya lita 20 inakutosha sebule na korido, na inabaki. Fundi akikuambia sebule peke yake imekula ndoo mbili, muulize imekulaje. Ndoo nunua mwenyewe, ifunguliwe mbele yako, na maji ya kuchanganyia yasizidi yaliyoandikwa kwenye ndoo; wapo mafundi wanaozimua rangi kwa maji mpaka inakuwa kama togwa la siku ya tatu, kisha wanasema ukuta wako unakunywa sana. Apake asubuhi. Jua la saa nane linakausha rangi kabla rola haijarudi, na alama zinabaki.

Kuhusu Yeriko: nenda kapitishe kiganja kwenye kuta zako zote zilizo kavu. Kikirudi na unga wa rangi, umeshapata jibu la kilichoiangusha wolpepa yako. Gundi ilishika unga, na unga haukuwa umeshika ukuta. Rangi mpya nayo ukiipaka juu ya unga huo itafanya vile vile, kwa hiyo kuta hizo zipigwe msasa mwepesi na kufutwa kwanza. Mabaki ya gundi yakwanguliwe. Wolpepa nyingine usinunue.

Sasa shoukesi, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Wewe ni mhasibu. Unajua uchakavu wa mali kuliko mimi. Mali inanunuliwa, kila mwaka thamani yake inapungua, ikifika sifuri inaondolewa vitabuni, na hakuna mtu ofisini anayelia. Kwa nini nyumbani hufungi hesabu? Kapeti la mwaka 2014 limefika sifuri. Redio mbovu ilifika sifuri siku ilipoharibika. Kalenda ya 2016, mwanangu, mwaka wenyewe ulishaisha.

Chagua Jumamosi moja, utandike mkeka uani, utoe kila kilichomo kwenye shoukesi ukakipange juani. Kila kitu. Usijiulize kama kinapendeza, hilo swali halikufai. Uliza maswali ya kikaguzi: kilitumika lini mara ya mwisho? Kikivunjika leo, nitakinunua tena? Glasi za harusi, kama zina maana kwako, zihamie jikoni mzinywee. Miaka yote zimeketi nyuma ya kioo kama wageni waliosahauliwa. Vikombe vya michezo waulize wenyewe, watoto; mimi nilidhani wanangu wanavipenda, kumbe walikuwa wanadhani mimi ndiye ninayevipenda. Vingine gawa, vingine tupa. Ukimaliza, uitazame shoukesi tupu na ujiulize kama unaihitaji. Nahisi hutaihitaji. Ikitoka, sebule inapata ukuta mzima bila kununua chochote.

Kapeti nalo litoke siku hiyo hiyo. Hukuniambia chini yake kuna nini, lakini iwe marumaru au sakafu ya sementi, ni bora kuliko gunia la vumbi la miaka mingi. Kuanzia mwezi wa nane upepo ukizidi kuvuma, kapeti hapa mjini linakusanya tu. Weka mkeka mzuri wa ukili, unaukung'uta nje, unaurudisha, dakika tano. Mlangoni weka zulia la mkonge, la kukwaruza hasa, moja nje na kitambaa kizito ndani. Na kabla ya kufagia pitisha kitambaa chenye unyevu juu ya meza na madirisha. Ukianza na ufagio mkavu unalihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda kwenye televisheni.

Makochi yapime hivi. Nyanyua kona moja ya mbele, kama kiganja kimoja kutoka sakafuni. Mguu wa pili wa mbele ukinyanyuka karibu pamoja nao, fremu ni nzima. Ukibaki chini huku kochi linajipinda na kulia, misumari imeachia. Fremu ikiwa nzima, na hasa kama ni mninga, usithubutu kuyauza kwa bei ya kuni. Ita fundi wa makochi abadilishe sponji za kukalia na kuvika kitambaa kipya. Kitambaa? Chochote cha kahawia kinachofulika. Mwambie Shangazi kasema. Migongo na mikono ikiwa bado mizima, iache.

Taa ni rahisi kuliko yote na sijui kwa nini watu huichelewesha. Zile mlizonazo ni nyeupe ya kibuluu. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba: 6500K ndiyo hiyo ya wodini, 3000K ni ya njano njano, kama moto wa jikoni. Nunua za 3000K kwa sebule na vyumba vya kulala, wati 9 inatosha, inakaribia mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Jikoni na kwenye meza ya watoto ya kusomea acha nyeupe. Usiku huo huo mtaonekana mmepona.

Mabomba: ule ukoko ni madini ya maji yetu, na adui yake ni tindikali nyepesi. Mimina siki kwenye mfuko wa plastiki, uvalishe mdomo wa bomba uzame ndani, funga kwa mpira wa pesa, uache saa moja. Ukitoa, sugua kwa mswaki wa zamani. Bomba la mvua bafuni fanya vile vile. Ndimu nayo inafanya kazi, ila utakamua nyingi.

Mapazia yafue.

Dari ya jipsam, hapana. Ile mikunjo yake ni rafu za vumbi zilizo juu mno kufikiwa na ufagio, na laki zako saba zitaishia hewani huku ukuta unaendelea kukutolea unga. Zaidi ya nusu ya hela hiyo iende kwenye ukuta, rangi na ufundi wake. Inayofuata ni sponji na kitambaa. Balbu, siki, msasa na zulia la mkonge ni senti za mwisho. Fundi yeyote mlipe kwa hatua, na ya mwisho utoe baada ya kukagua mchana, siyo usiku kwa tochi ya simu.

Wifi yako nilitaka nimseme, lakini alichosema ni kweli, mdomo ndio ulikuwa mbaya. Akirudi mpe glasi ya harusi anywee maji, hiyo inatosha.

Nilikuambia nilishika kalamu nyekundu. Kuna mahali pamoja nilipopigia mstari mara mbili. Barua nzima umejaa aibu na kichwa kuuma, kisha unataja kibaraza cha nyuma ya jiko, mwarobaini, karanga, na sentensi yenyewe inapumua. Mtu anayekaa mahali kwa hiari yake mpaka giza liingie anajua vizuri sana nyumba nzuri ni ipi. Basi hela yako ya kwanza kabisa, kabla hata ya brashi ya waya, itumie hapo. Balbu moja ya njano ukutani, yenye kifuniko. Benchi la mbao lenye mgongo, la mtu kuegemea. Palipochimbika sakafu pasiribwe sementi.

Na jumuiya usiiingize sebuleni. Watu 25 kwenye sebule yoyote ya Ipagala ni joto tu. Waweke uani chini ya mwarobaini, saa kumi na moja jua likiwa limelegea. Nyunyiza maji ardhini nusu saa kabla, kisha fagia, vumbi litulie. Tandika mikeka, viti vya wazee azima kwa majirani, meza ndogo yenye kitambaa safi kwa ajili ya msalaba na mshumaa, na mshumaa uutilie glasi maana upepo wa mwezi wa nane hauheshimu sala. Karanga usizifiche. Ziache kwenye ungo hapo katikati, na maganda yake. Wakishasema amina watamenya wenyewe.

Shangazi